Kumea, Kuzidi na Kugeuka: Udhibiti wa Kimolekuli wa Ukuaji wa Kuvu Ziletazo Maradhi

Ikisiri

Makala hii inaeleza jinsi molekuli zilizomo ndani ya seli za kuvu zinavyodhibiti ukuaji wa vimelea hivyo katika mwili wa binadamu. Kwa kutumia mifano ya Candida albicans, Histoplasma capsulatum na Cryptococcus neoformans, inaonyeshwa kwamba kile kinachotajwa kwa neno moja "ukuaji" ni matukio kadhaa, na kila tukio lina taratibu zake za udhibiti. Makala inahitimisha kwamba maandishi ya Kiswahili yanayotumia kitenzi kimoja kwa matukio yote hayo huficha jambo ambalo mwanafunzi, tabibu na mgonjwa wanalihitaji.

1.0 Utangulizi

Msemaji wa Kiswahili ana maneno mengi ya kutajia viumbe ambavyo wanabiolojia huvikusanya katika himaya moja, pamoja na maradhi yanayoletwa na viumbe hivyo. Mkate uliolala huota ukungu; unga wa mandazi huumuliwa kwa hamira; uyoga huchumwa baada ya mvua; na mtoto wa shule hupata mapunye kichwani au choa mwilini. Maneno haya hayakuundwa kwa misingi ya uainishaji wa kisayansi. Kila moja lilizaliwa mahali pake: jikoni, ghalani, porini au katika ngozi ya mtu. Wanaistilahi walipohitaji jina moja la himaya nzima walichagua neno kuvu, ilhali hospitalini na katika maduka ya dawa neno lililoenea ni fangasi. Makala hii inatumia kuvu, kwa kuwa ukungu lina maana nyingine inayohusu hali ya hewa, na fangasi katika mazungumzo ya kawaida hutaja ugonjwa zaidi kuliko kiumbe.

Hata hivyo, tatizo kubwa zaidi haliko katika nomino. Kazi ya uundaji wa istilahi za sayansi, ambayo tunda lake mashuhuri ni Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, imejishughulisha mno na majina ya vitu. Vitenzi huachwa vijitegemee. Matokeo yake ni kwamba mwandishi mwenye majina sahihi ya vimelea na dawa huweza bado kuandika sentensi kama "dawa hii huzuia ukuaji wa fangasi," na msomaji asijue ni kitu gani hasa kinachozuiwa. Je, ni kuongezeka kwa idadi ya seli? Ni seli kubadilika umbo? Au ni seli kuwa kubwa? Utafiti uliofanywa tangu miaka ya 1990 umethibitisha kwamba maswali haya yana majibu tofauti, na kwamba uhai wa mgonjwa huweza kutegemea tofauti hiyo.

2.0 Kuvu na binadamu: ujamaa wenye gharama

Kabla ya kuingia katika taratibu zenyewe, yafaa ielezwe kwa nini kuvu ni adui mgumu. Bakteria ni seli sahili zisizo na kiini kilichozungushiwa utando. Kuvu, kinyume chake, ina seli zenye kiini, mitokondria na mpangilio wa ndani unaofanana kwa mengi na wa seli za wanyama. Ulinganishaji wa jeni umeonyesha kwamba katika mti wa ukoo wa viumbehai kuvu iko karibu zaidi na wanyama kuliko mimea. Kwa sababu hiyo, sumu inayoua seli ya kuvu ina uwezekano mkubwa wa kuidhuru pia seli ya binadamu.

Ndiyo maana dawa za maradhi ya kuvu zinazoingia ndani ya mwili ni za makundi machache tu, na karibu zote hulenga vitu vichache ambavyo kuvu inavyo na binadamu hana. Cha kwanza ni ergosteroli, mafuta yaliyomo katika utando wa seli ya kuvu mahali ambapo seli ya binadamu ina kolesteroli. Amfoterisini B hujishikamanisha na ergosteroli hiyo. Flukonazoli na jamaa zake huzuia isitengenezwe. Cha pili ni glukani, mojawapo ya matofali ya ukuta wa seli, ambayo utengenezaji wake huzuiwa na kundi la ekinokandini. Nje ya hayo iko flusitosini, ambayo huvuruga utengenezaji wa asidi za kiini. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu 19 zinazohitaji kupewa kipaumbele katika utafiti. Nne ziliwekwa katika daraja la hatari kuu: Cryptococcus neoformans, Candida auris, Aspergillus fumigatus na Candida albicans.

3.0 Candida albicans: kuzidi si kugeuka

3.1 Maumbo na vichocheo

Candida albicans huishi kinywani, tumboni na ukeni mwa watu wengi wenye afya bila ya kuwadhuru. Katika hali hiyo ya amani aghalabu huwa seli za mviringo mithili ya hamira, na huzaana kwa kuchipua: seli moja hutoa kichipukizi, kichipukizi hukua, kisha hujitenga. Kinga ya mwili inapodhoofika, kuvu hiyohiyo huweza kuleta utando mweupe kinywani, au kuingia katika damu na kuua.

Seli ya mviringo ina uwezo wa kuacha kuchipua na badala yake kurefuka kwa ncha moja na kufanya uzi, yaani hifa. Vichocheo vya mgeuko huo vinajulikana vyema: joto la nyuzi 37 za Selsiasi, majimaji ya damu, hewa ya kaboni dioksidi, na mazingira yasiyo na asidi nyingi. Ni dhahiri kwamba orodha hii ni maelezo ya mwili wa binadamu. Kuvu inausoma mwili na kujibu.

3.2 Tarishi na bawabu

Usomaji huo hufanywa na minyororo ya protini. Mnyororo mmoja muhimu huanza na protini iitwayo Ras1, iliyo katika utando wa seli. Ikishaamshwa, Ras1 huchochea kimeng'enya kinachotengeneza molekuli ndogo ijulikanayo kwa kifupi kama cAMP. Molekuli hii ni tarishi: haijengi kitu, bali hupeleka habari. Hukiamsha kimeng'enya kingine ambacho kazi yake ni kubandika fosfeti juu ya protini, na hatimaye habari hufika kwa protini Efg1, inayoshika DNA na kuamuru jeni fulani zisomwe. Mnyororo wa pili, wenye mfululizo wa vimeng'enya vinavyobandikana fosfeti kimoja baada ya kingine, huishia kwa protini Cph1.

Minyororo hii ni upande mmoja tu. Upande wa pili una protini zinazozuia. Nrg1, ikishirikiana na Tup1, husimama kama bawabu mbele ya jeni za hifa na kuzifanya zisisomwe maadamu seli ingali katika hali ya mviringo. Hali kadhalika protini Hsp90, ambayo kazi yake ya kawaida ni kusaidia protini nyingine kujikunja ipasavyo, imeonyeshwa mwaka 2009 kuwa huuzuia mnyororo wa Ras1. Joto linapopanda Hsp90 huelemewa na kazi nyingi, na kizuizi hicho hulegea. Hivyo mgeuko hutokea pale vichochezi vinaposukuma na mabawabu wakaondoka mlangoni.

3.3 Majaribio ya 1997 na 2003

Swali la msingi lilikuwa hili: je, mgeuko huo ndio uletao ugonjwa, au ni jambo linaloambatana nao tu? Mwaka 1997 watafiti wa maabara ya Gerald Fink huko Massachusetts, Marekani, walitengeneza aina ya kuvu isiyo na Efg1 wala Cph1. Kuvu hiyo haikuweza kufanya hifa katika hali walizozijaribu, wala haikuwaua panya kama ile ya asili. Matokeo hayo yalivutia, lakini yalikuwa na upungufu, kwa kuwa Efg1 huamuru pia mambo mengine yasiyohusu umbo.

Jaribio lililochapishwa mwaka 2003 na watafiti wa San Antonio, Texas, lilikuwa la werevu zaidi. Walimfunga bawabu Nrg1 kwenye swichi inayotawaliwa na dawa doksisaiklini. Panya asipopewa dawa hiyo, Nrg1 hutengenezwa kwa wingi na kuvu hubaki mviringo. Akipewa, Nrg1 hukoma na hifa hufanyika. Panya wote walidungwa kuvu ileile kwa kiasi kilekile. Waliopewa doksisaiklini walikufa. Wasiopewa walinusurika, ingawa viungo vyao vya ndani vilikutwa na idadi kubwa ya seli hai za kuvu.

Jambo hili lastahili kutiliwa mkazo. Katika panya walionusurika kuvu ilikuwapo na ilikuwa nyingi. Kama ukuaji ungekuwa na maana ya wingi peke yake, wangalipaswa kufa. Kilichokosekana ni kugeuka.

3.4 Umbo na silaha

Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba hata neno kugeuka halipaswi kufasiriwa kama umbo tupu. Jeni za hifa husomwa kwa pamoja na jeni nyingine, mojawapo ikiwa ECE1. Mwaka 2016 ilithibitishwa kwamba protini itokanayo na jeni hiyo hukatwa vipande, na kipande kimoja chenye asidi amino 31 ni sumu inayotoboa utando wa seli za binadamu. Sumu hiyo iliitwa kandidalisini. Kuvu iliyonyang'anywa sumu hiyo hufanya hifa kama kawaida, lakini haiziharibu seli za ngozi ya ndani ya kinywa. Aidha, uchunguzi mpana wa jeni uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta aina za kuvu ambazo uwezo wao wa kubadili umbo na uwezo wao wa kuambukiza vilikuwa vimetengana. Na kuvu iliyoondolewa Tup1 au Nrg1 kabisa, ikabaki hifa daima, haikuwa kali zaidi ya ile ya asili, bali ilipungukiwa ukali.

Kwa hiyo ukali wa Candida albicans hauko katika uzi peke yake. Uko katika uwezo wa kugeuka kwa wakati wake, kwenda na kurudi, na kubeba silaha pamoja na umbo.

4.0 Histoplasma capsulatum: mgeuko wa kinyume

Mtu aweza kudhani kwamba hifa ndiyo sura ya ugonjwa kwa kila kuvu. Histoplasma capsulatum inaikanusha dhana hiyo. Kuvu hii huishi kama nyuzi katika udongo wenye kinyesi cha ndege au popo. Mtu akivuta pumzi yenye vijimbegu vyake, joto la mwili huigeuza kuwa seli za mviringo zinazochipua, na seli hizo huishi ndani ya chembe za kinga zilezile ambazo zingepaswa kuziua. Barani Afrika iko pia aina yake iitwayo duboisii, inayojulikana hasa kwa vidonda vya ngozi na mifupa.

Mwaka 2006 ilielezwa kwamba kimeng'enya Drk1 ndicho kinachoongoza mgeuko huo katika Histoplasma na katika jamaa yake Blastomyces. Kuvu iliyonyamazishwa jeni hiyo ilibaki nyuzi hata katika nyuzijoto 37, na ikapoteza uwezo wa kuwaambukiza panya. Drk1 ni ya familia ya vimeng'enya isiyokuwapo kwa binadamu, na kwa hiyo imewavutia watafiti wa dawa.

Mifano hii miwili ikiwekwa pamoja inafundisha kwamba hakuna umbo la maradhi lililo la kuvu zote. Dawa ya kuzuia hifa, ambayo yamkini ingemfaa mgonjwa wa Candida, isingemfaa mgonjwa wa Histoplasma, ambaye ndani ya mwili wake hifa haihitajiki kwa ugonjwa.

5.0 Cryptococcus neoformans: kustahimili joto na kutanuka

Mfano wa tatu una uzito wa pekee Afrika Mashariki, kwa kuwa Cryptococcus neoformans ni chanzo kikuu cha homa ya uti wa mgongo kwa watu wenye upungufu mkubwa wa kinga utokanao na VVU. Kuvu hii hupatikana katika kinyesi cha njiwa na katika miti, huingia kwa pumzi, na kutoka mapafuni huweza kufika katika ubongo. Ndani ya mwili hubaki seli ya mviringo iliyofunikwa kwa gamba laini la sukari. Basi kinachodhibitiwa hapa ni kipi?

Jibu la kwanza ni joto. Kuvu nyingi za udongoni hazimudu kuishi katika nyuzijoto 37. Mwaka 1997 ilionyeshwa kwamba Cryptococcus hulimudu joto hilo kwa msaada wa kimeng'enya kalsinyurini, kinachoondoa fosfeti kwenye protini nyingine pindi madini ya kalsiamu yanapopanda ndani ya seli. Kuvu isiyo na kalsinyurini humea vizuri katika nyuzijoto 24, lakini katika 37 hushindwa, na haileti ugonjwa kwa wanyama. Dawa zinazozuia kalsinyurini zipo tangu zamani. Hata hivyo, dawa hizo hutumiwa kwa wagonjwa waliopandikizwa viungo, kwa sababu binadamu naye ana kalsinyurini, na kuizuia ni kuidhoofisha kinga yake. Hapa ndipo gharama ya ujamaa uliotajwa katika sehemu ya 2.0 inapoonekana wazi.

Jibu la pili ni ukubwa. Mwaka 2010 makundi mawili ya watafiti yalieleza kwamba ndani ya mapafu baadhi ya seli za Cryptococcus hutanuka na kupita mikroni 10 kwa kipenyo, nyingine zikifikia mikroni 50 na zaidi, huku zikirudufisha DNA yake bila kugawanyika. Seli hizo majitu haziwezi kumezwa na chembe za kinga. Hapa kitenzi kukua kina maana yake ya awali kabisa, ile isemwayo juu ya mtoto: kuwa mkubwa.

6.0 Kuua na kuzuia: suala la mgonjwa

Tofauti hizi hazimhusu mtaalamu peke yake. Flukonazoli, ambayo ni rahisi kupatikana na humezwa kwa mdomo, kwa kawaida huizuia kuvu isizidi zaidi kuliko inavyoiua. Amfoterisini B huua. Ndiyo sababu tiba ya homa ya uti wa mgongo iletwayo na Cryptococcus huanza na dawa zinazopunguza kwa haraka idadi ya seli hai katika maji ya uti wa mgongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa Tanzania, Malawi, Zambia na Kameruni, ulionyesha kwamba wiki moja ya amfoterisini B pamoja na flusitosini huokoa maisha ya wengi. Mwaka 2022 utafiti mwingine uliohusisha Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini ulionyesha kwamba dozi moja kubwa ya amfoterisini B iliyofungwa katika vitone vya mafuta, ikifuatiwa na flusitosini na flukonazoli kwa wiki mbili, haizidiwi na tiba hiyo. Shirika la Afya Duniani liliupokea utaratibu huo katika mwaka uo huo.

Baada ya hapo mgonjwa huendelea na flukonazoli kwa miezi mingi, mpaka dawa za VVU ziirudishe kinga yake. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba dawa "inaua fangasi" ana haki ya kujiuliza kwa nini aendelee kumeza vidonge ilhali kichwa kimeacha kuuma na fangasi wamekwisha kufa. Aliyeambiwa kwamba dawa "inawashikilia wasizidi mpaka kinga yako ipate nguvu" amepewa sababu ya kuendelea. Tofauti iliyopo kati ya sentensi hizo mbili ni ya kitenzi tu, na mgonjwa aachaye dawa mapema hujiweka katika hatari ya ugonjwa kurejea.

7.0 Mapendekezo ya istilahi

Kiswahili hakihitaji kuazima ili kuzieleza tofauti hizi. Vitenzi vipo, na kinachotakiwa ni kugawiwa kazi. Yanapendekezwa yafuatayo:

(a) Kumea litumike kwa maana ya jumla, yaani kiumbe kuishi na kustawi mahali fulani. Neno kimelea lenyewe limetokana na kitenzi hiki katika kauli ya kutendea: ni kile kinachomea juu ya kingine. Kusema kwamba Cryptococcus humea katika nyuzijoto 37 ni kusema jambo sahihi bila kudai zaidi.

(b) Kuzidi litumike kwa kuongezeka kwa idadi ya seli, na kuchipua kwa namna ya pekee ya kuzidi ambayo hamira inaitumia.

(c) Kugeuka litumike kwa kubadili umbo pamoja na jeni zinazosomwa. Kurefuka litaje kitendo cha hifa peke yake, ili mgeuko wa Histoplasma, ambao si kurefuka, usikose jina.

(d) Kukua na kutanuka yabakie kwa ukubwa wa seli moja.

(e) Katika maelezo ya dawa, kuua na kuzuia yasibadilishane nafasi, na kuzuia lifuatwe daima na kitenzi kinachotaja kinachozuiwa: kuzuia isizidi, kuzuia isigeuke.

Yaweza kupingwa kwamba matumizi ya watu hayaamriwi na wanaisimu, na kwamba msemaji ataendelea kusema fangasi wanakua. Pingamizi hili ni la haki kuhusu lugha ya mitaani. Halina nguvu kuhusu kitabu cha kiada, karatasi ya maelezo ya dawa, au fomu ambayo mgonjwa huombwa kuitia sahihi kabla ya kushiriki utafiti. Maandishi hayo huandikwa na watu wachache, huhaririwa, na hupitishwa. Ndiko mahali ambapo uteuzi wa kitenzi unawezekana.

8.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kuvu tatu ziletazo maradhi zina taratibu tatu tofauti za udhibiti: Candida albicans hugeuka kutoka mviringo kwenda uzi pale bawabu Nrg1 anapoondoka na minyororo ya Ras1 inapoamka, Histoplasma capsulatum hugeuka kinyume chake kwa amri ya Drk1, na Cryptococcus neoformans huimudu homa kwa kalsinyurini na hutanuka isimezwe. Panya wa mwaka 2003, waliojaa kuvu na wakaishi, ni ushahidi kwamba kuhesabu seli si kupima ugonjwa. Wakati wataalamu wa maabara wanatafuta dawa zitakazogusa swichi hizi pasipo kumgusa binadamu, kazi inayoikabili idara ya lugha ni ndogo zaidi lakini haiwezi kusubiri: kuhakikisha kwamba dawa hizo zitakapofika, maelezo yake yatasema kwa Kiswahili kile hasa zinachokifanya.